Naomba ushauri: niache dizeli nihamie sola kwenye shamba la zabibu?

Habari zenu wakuu. Nina ekari mbili za zabibu huku Hombolo, Dodoma. Kisima kina mita 60, na pampu inaendeshwa na jenereta ya dizeli. Kuanzia Mei hadi Novemba hakuna mvua ya kutegemea, kwa hiyo nisipomwagilia, mavuno ya Agosti na Septemba yananiponyoka. Siku ya kumwagilia jenereta inakula lita kumi za dizeli.

Nchi yetu inaagiza mafuta yote kutoka nje. Meli zikichelewa huko au shilingi ikishuka, EWURA (mamlaka inayopanga bei ya mafuta) wakitangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, mimi huku nashika kichwa. Juzi nimesimama na dumu tupu, majani ya mzabibu yamejikunja kama karatasi, na jua linawaka mwezi mzima bila wingu. Iliniuma kweli. Jua hilo hilo linalonikaushia shamba ndilo lingenivutia maji!

Nawaza kuacha betri, maana ni ghali na zinachakaa: mchana pampu ijaze simtanki juu ya mnara, jioni maji yashuke yenyewe kwenye mipira ya matone.

Waliofunga tayari, hasa Chamwino na Singida, nisaidieni. Kwa pampu ya hp 1.5 mliweka paneli za wati ngapi? Vumbi letu hili mnalifuta kila baada ya siku ngapi? Na wizi wa paneli shambani mnauzuiaje? Jenereta niiuze au niibakize ya dharura?