Naomba ushauri: binti kavunja ungo, nani amfunde?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Makorora, Tanga. Binti yangu wa miaka 12 kavunja ungo juzi. Nilimkuta alfajiri anafua shuka kimyakimya, analia, akidhani anaumwa. Bibi yake anataka aitwe somo, yule mama anayefunda wasichana, amfunde mpaka mambo ya mume. Baba yake hataki hata kusikia, ati tutamfumbua macho. (Na kwenye singo hapa mtaani, zile shughuli za wanawake za kumsinga bi harusi, hakuna lisilosemwa!) Nimejaribu mwenyewe, nikaishia kwenye pedi na "usicheze na wavulana". Mwalimu wake nilipomuuliza, kacheka tu.

Je, naweza kumwomba somo aishie kwenye usafi na kuhesabu siku zake? Na kwamba sasa anaweza kushika mimba, nimwelezeje bila kumtisha?