Bodi gani ya kurekodi joto na unyevu wa udongo?

shamba_data: Wakuu naombeni ushauri, nataka kupima joto na unyevu wa udongo kila dakika 15, data iingie kwenye memori kadi, umeme hakuna ni betri tu. Nichukue bodi ya Arduino Uno au ESP32 (yenye Wi-Fi)?

waya_moto: Uno achana nayo kabisa kwa betri, chipu ya USB na regyuleta vinakula umeme hata kama umelaza prosesa. Chukua Arduino Pro Mini ya volti 3.3, chipu ni ileile ya Uno, ATmega328P, RAM KB 2 inabana ila kwa kazi hii inatosha, na kadi yenyewe inataka volti 3.3 kwahiyo huhangaiki.

kodi_usiku: Kama huitaji Wi-Fi naungana na mkuu hapo juu. ESP32 ikilala inakula kama maikroampia 10 lakini hiyo ni chipu tu, bodi nzima ni zaidi, alafu ADC yake (sehemu inayogeuza volti za sensa kuwa namba) haijanyooka, yaani vipimo vinapinda, sensa ya analogi utaweka ADS1115, ADC ya nje.

waya_moto: Kwa kutunza saa weka chipu ya DS3231, na kila ukiandika funga faili, betri ikikata ghafla unapoteza data yote ambayo haijaandikwa.

shamba_data: Asanteni sana, naenda na Pro Mini