Dola ya kipolisi: maisha ya kila siku Ujerumani Mashariki yalikuwaje hasa?

Mwana_Tanga:
Wakuu, habari za jioni, na shikamooni mnaostahili. Kila mabomu ya machozi yakipigwa, au mtu akikamatwa kwa alichoandika mtandaoni, utasikia "hii sasa ni dola ya kipolisi". Wenye kulalamika siwabishii. Nataka tu kuelewa maisha ndani ya dola ya kipolisi kamili, na mfano unaotajwa kila mara ni Ujerumani Mashariki na Stasi, polisi wao wa siri. Fundi au mwalimu asiye na habari na siasa aliguswa wapi? Shushushu alipatikanaje? Na mtu akiombwa awe shushushu, aliweza kukataa? Naomba majibu ya wanaolijua jambo lenyewe.

Makabrasha:
Ndugu, ukianza kwa kuhesabu askari barabarani utapotea njia. Mitaa ya Leipzig au Dresden miaka ya 1980 ilikuwa imetulia. Kazi ilifanyika ofisini, kwa karatasi.

Wizara ya Usalama wa Dola, ndiyo Stasi, iliundwa Februari 1950. Tangu 1957 hadi 1989 iliongozwa na mtu mmoja, Erich Mielke. Mwishoni ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wa siri wapatao 189,000, katika nchi ya watu wasiofika milioni 17. Hesabu ya waajiriwa peke yao ni mmoja kwa kila watu 180 hivi.

Sasa mwalimu wako. Kwenye jengo analoishi kuna daftari la nyumba linaloandikwa wakazi na wageni wanaolala, na polisi wa eneo hulikagua. Mgeni kutoka Magharibi huandikwa haraka zaidi. Kazini ana jalada la utumishi linalomfuata akihama kazi. Barua zake kutoka nje hupita kwenye ofisi kubwa ya posta yenye chumba cha Stasi. Humo bahasha hufunguliwa kwa mvuke, barua hunakiliwa, bahasha hufungwa tena na kuendelea na safari. Mwandiko usiojulikana ulilinganishwa na sampuli zilizohifadhiwa. Mwanawe akitaka kufika chuo kikuu, alama nzuri hazitoshi: wataangalia kama yumo kwenye jumuiya ya vijana ya chama tawala, na kama ni mvulana, kama amekubali kutumikia jeshi miaka 3 badala ya mwaka mmoja na nusu. Watoto wa wachungaji wengi walifungiwa mlango hapo.

Akinyimwa, barua ya kumnyima haimpi sababu ya kweli. Na mahakama ya kupinga uamuzi wa ofisi ya serikali ilikuwa imefutwa tangu miaka ya 1950. Kilichobaki ni kuandika barua ya malalamiko kwa wakubwa wale wale. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito kuliko kamera na vinasa sauti vyote: huna mlango wa kubisha.

Ongeza sheria zilizoandikwa zikawa wavu. Kifungu cha 99 cha sheria ya jinai kiliadhibu kupeleka nje habari *ambazo si siri*, kifungo cha miaka 2 hadi 12. Cha 106, uchochezi dhidi ya dola, baada ya marekebisho ya 1979 kilikuwa mwaka 1 hadi 8. Kibaya zaidi kwa mtu wa kawaida kilikuwa cha 249, cha "tabia isiyo ya kijamii". Omba kuhama nchi, utaachishwa kazi. Tafuta nyingine, jalada limekutangulia, hakuna anayekuchukua. Kaa bila kazi, umeshaingia kifungu cha 249. Wengine walinyang'anywa kitambulisho cha kawaida wakapewa kile cha muda kilichoitwa PM 12. Ukikitoa mbele ya askari yeyote, ameshajua wewe ni nani.

Bi_Mdogo_Ilala:
Nijibu la mashushushu, maana watu hudhani wote walilazimishwa. Hapana. Mafaili yanaonyesha kuwa vitisho vilikuwa njia ya wachache. Wengi walishawishiwa kwa hoja ya kulinda nchi, na wengine kwa faida ndogondogo: kibali cha safari, kupandishwa cheo, mara mojamoja pesa.

Utaratibu ulikuwa huu. Kwanza ofisa anamchunguza mtu kimyakimya kabla hajazungumza naye. Kisha wanakutana kwa kisingizio fulani. Akikubali, kwa kawaida anaandika kiapo kwa mkono wake na kuchagua jina la bandia. Baada ya hapo hukutana na ofisa wake kwenye nyumba ya siri, mara nyingi chumba cha raia aliyekubali kukitoa. Kila mkutano ofisa huandika taarifa yake, pamoja na maoni kama mtoa habari anaaminika.

Kukataa kuliwezekana, na watu wengi walikataa. Dawa iliyofanya kazi ilikuwa rahisi mno: kusimulia. Mtu akisema "sawa, ila lazima nimwambie mke wangu", au kesho yake akawatangazia wenzake kazini kwamba amefuatwa, basi hafai tena na faili la kumwajiri linafungwa. Mara nyingi hakupata adhabu kubwa, ingawa cheo kingeweza kuchelewa. Siri ndiyo ilikuwa mtaji wao wote.

Angalia walivyoilinda hata ndani ya nyumba yao. Kulikuwa na kadi za aina mbili, F16 na F22. F16 ilikuwa na jina halisi la mtu na namba ya usajili. Zilipangwa kwa matamshi, ili Meyer, Maier na Meier wakae pamoja na kosa la herufi lisimfiche mtu. F22 ilikuwa na namba ile ile, jina la bandia na aina ya faili, bila jina halisi. Ukishika kadi moja hujui kitu. Lazima uzikutanishe mbili, na si kila ofisa aliruhusiwa kufanya hivyo.

Na aliyeripoti angeweza kuwa wa ndani kabisa. Vera Wollenberger, mwanaharakati aliyeingia bungeni mwaka 1990, mafaili yalipofunguliwa alikuta kwamba "Donald" aliyekuwa akimripoti ni mumewe.

Kisima_cha_Mwembe:
Nakubaliana na waliotangulia, ila msimfanye ndugu yetu aamini kwamba ilikuwa karatasi tu. Gereza la mahabusu la Hohenschönhausen, Berlin, halikuonyeshwa kwenye ramani za mji. Mtu aliletwa kwa gari dogo lisilo na dirisha, kwa nje limepakwa kama la kubeba vyakula, likazungushwa hadi asijue yuko wapi. Ndani aliitwa kwa namba. Usiku alilala chali, mikono juu ya blanketi, taa ikiwashwa kila wanapomkagua. Korido zilikuwa na taa nyekundu: ikiwaka, mahabusu mwingine anapita, kwa hiyo hakuna kuonana. Kwa miezi, mtu pekee wa kuzungumza naye ni anayemhoji. Ndiyo maana wengi walisema bila kupigwa kofi.

Na zingatieni kwamba aliyekamata, aliyepeleleza na aliyelinda mahabusu wote walikuwa wa wizara moja. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ililipa fedha na bidhaa tangu 1963 hadi 1989, na wafungwa wa kisiasa zaidi ya 33,000 wakaachiwa kwa njia hiyo. Dola iliuza wafungwa wake.

Kuna na jingine linalosahaulika: Agizo namba 1/76 la Januari 1976. Kesi za kisiasa zilikuwa zinaichafua nchi nje, kwa hiyo wakaandika rasmi jinsi ya kumvunja mtu bila kumshtaki. Kumchafulia jina kwa kuchanganya ukweli na uongo, kumpangia kushindwa kazini, kutia shaka ndani ya kundi la marafiki ili kila mmoja amdhani mwenzake ni shushushu, barua zisizo na jina. Walioathirika hawakuwa na jeraha la kuonyesha wala hukumu ya kukatia rufaa. Wengine hata walipolalamika walionekana wagonjwa wa akili.

Mwana_Tanga:
Asanteni sana. Hilo daftari la nyumba limenikumbusha balozi wetu wa nyumba kumi. Je, ni kitu kimoja? Na nimesikia Stasi walifika Zanzibar.

Makabrasha:
Walifika. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki kabla ya nchi yoyote nje ya kambi ya kikomunisti, na Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wao wa nje, alikwenda mwenyewe mwaka huo kusaidia kuunda idara ya usalama. Watu wengi wanakumbuka zile nyumba za Kikwajuni tu, ambazo nazo ni msaada wao.

Balozi na daftari si kitu kimoja. Balozi unamjua, unamfuata mwenyewe kutaka barua ya utambulisho, na ugomvi wa majirani huuamua mbele za watu. Ila chombo cha aina hiyo kinaweza kugeuzwa. Usitazame jina lake. Uliza anachoandika kinakwenda wapi, nani anakisoma, na kama wewe unayeandikwa unaweza kukiona na kukipinga. Vivyo hivyo kwa nchi nzima: aliyekamatwa anafikishwa kwa hakimu ndani ya muda uliowekwa? Serikali imewahi kushindwa kesi na ikatii? Ukinyimwa pasipoti unapewa sababu kwa maandishi? Polisi wakatili ni ubaya mkubwa, lakini ambako hakimu bado anaweza kumwachia mtu, kuna kitu cha kupigania, na wakili ana kazi ya kufanya.

Bi_Mdogo_Ilala:
Nyongeza ya manufaa kwa wazee wetu waliosoma au kufanya kazi kule, maana Waafrika wengi walipita Leipzig kujifunza Kijerumani kabla ya chuo. Yeyote, hata asiye Mjerumani, anaweza kuomba kuona faili lake. Sheria ni ya Desemba 1991, milango ikafunguliwa 2 Januari 1992, na tangu Juni 2021 nyaraka ziko chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho, Bundesarchiv.

Unajaza fomu, unathibitisha utambulisho wako rasmi, na unaandika kila anwani uliyokaa kule pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Anwani ndizo zinazokwamisha wengi: majina yetu yaliandikwa ovyo, kwa hiyo andika kila tahajia unayoikumbuka. Kuomba na kusoma ni bure, nakala hulipiwa. Majina ya watu wengine hufunikwa kwa wino. Ukikuta jina la bandia la aliyekuripoti, unawasilisha ombi la pili la kutaka jina lake halisi. Kuna mafaili yaliyochanwa mwishoni mwa 1989 na kubaki vipande kwenye maelfu ya magunia, kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" halina maana kwamba hukuandikwa. Subira inahitajika, majibu huchukua muda mrefu.