Mrejesho: hesabu za matone ya dripu

Habarini tena wapendwa. Niliuliza namna ya kukokotoa kasi ya dripu kwa mtihani wa uuguzi, mkanishauri niache kukariri fomula, nijiulize kwanza mgonjwa anatakiwa kupata kiasi gani kwa dakika moja. Imenisaidia mno! Swali lilikuja hivi: mililita 1000 kwa saa 8, seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita. Nikageuza saa kuwa dakika 480, nikazidisha 1000 kwa 20, nikagawanya kwa 480: 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Kwenye vitendo nikahesabu matone kwenye chemba (kile kichupa cha seti yanamodondokea) kwa dakika nzima, macho kwenye saa. Nimefaulu! Na wewe uliyesisitiza nisome pakiti ya seti kwanza, Mungu akubariki: seti ya matone madogo ni 60 kwa mililita, jibu linabadilika kabisa.