Napoli kwa siku moja kutoka melini: Pompei, Ercolano, Capri au mjini tu?

Msafiri_Tanga
Wakuu, meli inafunga gati Napoli Jumanne saa 2 asubuhi, inaondoka saa 12 jioni. Tuko wanne, mmoja ni mzee, magoti yanamsumbua. Ziara za melini bei imechangamka, tunataka kwenda wenyewe. Tuchague wapi: magofu ya miji ya Kirumi ya Pompei au Ercolano, kisiwa cha Capri, au tubaki mjini tu?

Kijiti
Kwanza hesabuni saa halisi. Meli ya saa 12 huwataka abiria ndani nusu saa hadi saa nzima kabla, na asubuhi foleni ya kushuka inakula nusu saa. Pangeni kuwa getini saa 10 alasiri. Mnabaki na saa 7 na nusu.

Mkitoka Stazione Marittima, jengo la abiria wa meli, mbele yenu ni Castel Nuovo, ngome yenye minara mitano. Metro ya Municipio iko hapo hapo. Pandeni Laini 1 hadi Garibaldi, vituo vitatu, kisha fuateni vibao vya Circumvesuviana, treni ya Sorrento. Ercolano Scavi ni kama dakika 20, Pompei kama 40. Kwa Pompei shukeni Pompei Scavi – Villa dei Misteri, lango liko jirani. Wengi hudandia treni ya Poggiomarino, ambayo nayo ina kituo chenye jina la Pompei, ila kiko upande wa mji wa sasa.

Treni hiyo hujaa hadi mlangoni. Inaanzia Porta Nolana, kituo kimoja kabla ya Garibaldi. Mkipandia huko mzee atapata kiti. Mabegi yakae kifuani, wachomoa mifuko wanaijua njia hiyo kuliko kondakta.

BintiPwani
Kwa mzee, Ercolano bila kusita. Pompei ni zaidi ya hekta 40 zilizofukuliwa, mawe ya barabara ni makubwa, yamechimbika kwa magurudumu ya mikokoteni, na kivuli ni cha kutafuta. Ercolano ni kama hekta 4 na nusu, saa mbili na nusu zinatosha.

Tena imehifadhika vizuri zaidi. Volkano ya Vesuvio ilipolipuka mwaka 79 BK, Pompei ilinyeshewa mawe mepesi na majivu hadi mapaa yakaporomoka. Ercolano ilifunikwa na wimbi la gesi na majivu ya moto, mbao zikageuka mkaa badala ya kuteketea. Ndiyo maana katika Casa del Tramezzo di Legno mnaona kizuizi cha mbao cha sebuleni kikiwa bado kimesimama, na nyumba kadhaa zina ghorofa ya juu.

Angalizo: kutoka kituoni ni mteremko wa dakika kama 10, Via IV Novembre. Kurudi ni kupanda, kwa hiyo mzee achukue teksi.

Mzee_wa_Ramani
Dada, kwa mzee sawa, ila anayekuja mara moja tu maishani aone Pompei. Ukubwa wa Foro, uwanja mkuu wa mji, na Vesuvio nyuma yake, Ercolano hakuna. Nunueni tiketi mtandaoni: zina jina la mtu, na tangu Novemba 2024 kuna kikomo cha watu 20,000 kwa siku. Begi linalozidi sentimita 30 × 30 × 15 haliingii, linaachwa langoni.

Capri ifuteni. Boti za kasi zinatoka Molo Beverello, pembeni kabisa ya meli, dakika kama 50, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Bahari ikichafuka boti zinafutwa, nanyi mko kisiwani.

Kijiti
Halafu ni Jumanne! Makumbusho ya Akiolojia na kanisa dogo la Cappella Sansevero hufungwa siku hiyo, kwa hiyo hoja ya kubaki mjini siku nzima imepungua nguvu.

Msafiri_Tanga
Basi Ercolano asubuhi, mchana Spaccanapoli, ule mtaa mrefu wa mji mkongwe. Kuna cha ziada?

BintiPwani
Mkirudi, shukeni metro ya Duomo, mwingie mji mkongwe kwa miguu. Pizza Via dei Tribunali mapema, ikigonga saa 7 foleni inajaa. Kahawa kunyweni mkiwa mmesimama kaunta, kukaa mezani bei hupanda.

Na mkitumia pasi za Tanzania au Kenya: kama meli inapitia Tunisia au Uturuki kisha inarudi Italia, viza ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.