Mshahara unaoisha siku unayolipwa sio mshahara, sheria iwabane waajiri

Wakuu leo mnivumilie, hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu na jana limenifika shingoni.

Jana ilikuwa siku ya mshahara. Nimesimama foleni pale dirishani kwa mhasibu, mbele yangu yuko mama mmoja wa usafi, huyu mama nimemkuta kazini na nina miaka saba pale. Akapewa karatasi yake, akaisoma, akaikunja mara nne akaibana kiganjani, halafu akainama karibu na dirisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "mwanangu, naweza kuandikisha adivansi ya mwezi ujao leo hii?" Siku ya mshahara! Yaani hela haijavuka hata geti ishakwisha, mtu anakopa mwezi ambao haujaanza. Na mhasibu wala hakushangaa, alivuta tu daftari, maana daftari la adivansi lipo na majina yetu karibu wote yamo humo, la kwangu liko ukurasa wa pili.

Huyo mama sio mlevi, sio mtu wa anasa, hana simu ya maana. Anatoka nyumbani bado giza, anatembea na ndala njia nzima, viatu vya kazi kavitia kwenye mfuko ili soli isiishe, nauli anaibakiza kwa siku za mvua. Siku sita kwa wiki. Sasa naomba mtu aje hapa anionyeshe amekosea wapi kupanga bajeti, kwa sababu hilo ndilo jibu tunalopewa kila tukilalamika. Mwaka jana walituletea kabisa mtu wa semina atufundishe kuweka akiba, tukakalishwa saa tatu tunasikiliza habari za kugawa mshahara mafungu, fungu la chakula, fungu la kodi ya nyumba, fungu la akiba. Fungu la kodi peke yake linameza zaidi ya nusu ya mshahara wa wenzangu wengi, hayo mafungu mengine yatoke wapi?

Kinachoniuma zaidi ni hiki na naona watu hawakisemi. Ule upungufu haupotei hewani, kuna mtu anaulipa. Mimi ada ya mtoto analipa dada yangu. Mwenzangu wa stoo anakaa bure kwenye chumba cha mjomba wake. Mlinzi wetu wa usiku mchana anafanya kibarua kingine, kwa hiyo analipa kwa usingizi wake, na mwili huo siku ukigoma watasema alikuwa mzembe. Yule mama analipa kwa miguu. Dada yangu, mjomba wa watu, duka linalokopesha mtaani, wote hao wanaichangia kampuni kila mwezi bila kujua na hakuna hata mmoja anayepata gawio mwisho wa mwaka. Halafu bosi anasimama kwenye mkutano anasema biashara inajiendesha vizuri. Haijiendeshi, inaendeshwa na ndugu zetu.

Ndio maana nasema hili lisiachwe kwenye huruma ya mwajiri, liwe sheria, mwenye kuajiri mtu kwa kazi ya siku nzima amlipe pesa inayomtosha kuishi yeye na familia yake. Na msiniambie kima cha chini kipo. Kima cha chini ni kitu kingine kabisa, ni namba inayopangwa mezani watu wakivutana, inaweza ikatosha na inaweza isitoshe, na ikishapangwa inaweza kusahaulika. Marekani hapo, taifa tajiri, kima cha chini cha serikali kuu kiliwekwa dola 7.25 kwa saa Julai 2009 kikakaa zaidi ya miaka 15 bila kuguswa huku vitu vyote vikipanda. Mshahara wa kuishi unahesabiwa kwa kuanzia upande wa pili, unaangalia kwanza chakula, nyumba, nauli, shule, matibabu na kiasi kidogo cha dharura, ndiyo unapata namba. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2024 lilikubaliana maana yake na kuna kipengele nataka mkisome mara mbili, linasema mshahara huo upatikane ndani ya saa za kawaida za kazi. Saa za kawaida! Sio mpaka upige ovataimu kila siku mpaka wanao wakuone Jumapili tu.

Na wala sio wazo la juzi. Katiba ya shirika hilo hilo ya mwaka 1919 imetaja mshahara wa kutosha kuishi kwenye utangulizi wake. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 23, linasema mfanyakazi ana haki ya malipo yatakayompa yeye na familia yake maisha yenye heshima ya utu. Australia mwaka 1907 kulikuwa na kesi ya kiwanda cha mashine za kuvunia, jaji Higgins akaulizwa ujira wa haki ni upi, yeye hakuanza kwa kuuliza kiwanda kinapata faida kiasi gani, alianza na mahitaji ya kawaida ya mtu anayeishi kama binadamu kwenye jamii iliyostaarabika, akasikiliza mpaka wake za wafanyakazi wakieleza matumizi ya nyumbani, mwisho akasema shilingi 7 kwa siku kwa kibarua asiye na ujuzi. Sheria yenyewe iliyoleta kesi ile ilikuja kufutwa mwaka uliofuata ila kipimo chake kiliendelea kutumika nchini humo miaka mingi. Zaidi ya miaka 100 hiyo! Na mimi leo naambiwa shukuru hata una kazi.

Najua watakaokuja na hoja ya ajira zitapungua. Hiyo hoja nimeisikia mpaka kwa watu wanaolipwa kama mimi, na inanisikitisha kuliko ikitoka kwa bosi. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey huko Marekani lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05, jirani yao Pennsylvania hawakupandisha, wachumi wawili David Card na Alan Krueger wakalinganisha migahawa ya chakula cha haraka pande zote mbili na hawakuona ajira zikipungua kule mshahara ulikopanda. Wapo wachumi waliobishana nao na wanabishana mpaka leo, na ni kweli ukipandisha ghafla kupita kiasi utaumiza watu, sikatai. Lakini Card alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2021 kwa tafiti za aina hiyo, kwa hiyo asije mtu hapa kusema kila ukipandisha mshahara lazima watu wafukuzwe kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Mwenye biashara ndogo, wewe mwenye wafanyakazi wawili na wewe mwenyewe unashinda dukani, sina ugomvi na wewe. Wekewe muda, kodi ipunguzwe, upande kidogo kidogo. Ila hata wewe sheria inakufaa, kwa sababu ukiamua leo kulipa watu vizuri mshindani wako anayelipa kiduchu anashusha bei anakuua sokoni. Ikiwa ni lazima kwa wote hana pa kukukimbilia. Ndiyo maana hiari siiamini, hiari inamuadhibu mwenye roho nzuri.

Ila hawa wakubwa wanaobadilisha gari la mkurugenzi halafu mfanyakazi anaomba adivansi siku ya mshahara, hao wasipewe hata mwaka mmoja wa kujipanga, wamejipanga vya kutosha na pesa zetu.

Sasa nilipofikia. Jana hiyo hiyo jioni tumekaa watu kumi na mmoja nyuma ya stoo, kila mtu akataja anachotumia kwa mwezi kweli kweli bila kuongeza, tukaandika karatasi moja, upande mmoja matumizi na upande mwingine mshahara. Yule mama ndiye aliyesaini wa kwanza, alikunjua ile karatasi yake ya mshahara akanakili namba yake ya kazi taratibu, herufi kwa herufi, mkono unatetemeka. Jumatatu tunaipeleka ofisini. Chama cha wafanyakazi hatuna pale. Aliyewahi kufanya hivi kazini kwake aniambie, mlienda wote au mlituma wawakilishi? Na walipotaka kujua nani kaanzisha mlijibuje?