Kitenzi "colere" cha Kilatini: ni kulima au kuabudu?

Kijana_wa_Kibosho: Habari wakuu. Mdogo wangu yuko seminari, kaja likizo na daftari lake la Kilatini, nimekuta kitenzi colere kaandika maana tatu: kulima, kuishi mahali, kuabudu. Tangu juzi naiwaza, kulima na kuabudu vinaingilianaje? Ni neno moja kweli au yamefanana tu kama kaa la moto na kaa wa baharini?

Mwl_Sakina: Ni moja mkuu. Agros colere ni kulima mashamba, urbem colere ni kukaa mjini, deos colere ni kuiheshimu miungu kwa ibada. Mzizi wake wa kale kabisa ni kuzunguka, yaani mtu anazungukia palepale kila siku, ndo maana agricola ni mkulima na incola ni mkazi. Halafu Cicero, yule mwandishi na mwanafalsafa wa Kirumi, akalipeleka mbali zaidi, cultura animi, kulima roho, anasema shamba hata liwe na rutuba vipi halizai bila kulimwa na roho bila mafundisho ni hivyohivyo.

Mama_Migomba: Kilatini sijui ila njoo kihambani kwetu, shamba la ukoo huku Old Moshi, Kilimanjaro, uone. Migomba, kahawa chini yake, makaburi ya wazee nyuma ya nyumba yamezungushiwa masale, ile mimea ya heshima kwetu Wachaga. Asubuhi napalilia migomba nikifika kwa babu napalilia na kaburi, jembe lilelile, sasa hapo nalima, naishi au naheshimu wazee? Mimi ningesema kutunza, maana unatunza shamba, unatunza mama mzee, na bibi harusi unamtunza hela.

Dereva_Ngaramtoni: Na mkoloni je??

Mwl_Sakina: Katoka hapohapo. Colonus alikuwa mkulima tu, colonia ikawa makazi ya Warumi, mara nyingi askari wastaafu waliogawiwa ardhi ya kutekwa. Köln ya Ujerumani jina lake ndo hilo, ilipewa hadhi ya colonia mwaka 50 BK. Inaniuma sana hii, maana huyo "mkulima" alipofika huku mlimani alikuta vihamba na mifereji vipo zamani.

Mama Migomba, kutunza umenigusa, nitaitumia darasani. Ila Kijana, dogo asifute zile tatu, kutunza haibebi ile ya kuishi mahali, kwenye mtihani watamkata maksi.

Kijana_wa_Kibosho: Nimemsomea hapa, kaongeza ya nne pembeni kwa penseli.